Kuhusu Mama Kukamilishwa Kwenye Simu

Kwa Kaka Mkubwa,
Meneja wa Ghala, Msimamizi wa Mipangilio Yote ya Familia na Mtunza Nywila,
Nyumbani kwako, chumba cha mbele, kwenye kile kiti kinachozunguka.

Kaka mpendwa na mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na chaji ya kutosha. Sisi huku hatujambo, ukiondoa haya nitakayoyaeleza hapa chini.

Nakuandikia kwenye karatasi nikijua fika kwamba karatasi umeipiga marufuku. Naomba radhi. Nilijaribu kwanza kupeleka malalamiko yangu panapostahili, kwenye ile sehemu ya simu iitwayo "Maoni ya Wanafamilia", lakini ilinitaka nichague hisia zangu kati ya sura tano za mviringo, na hakuna hata moja iliyofanana na uso wangu wa siku ile. Ndiyo maana nimerudi kwenye wino.

Kwa kuwa najua barua hii utaifikisha mbele ya kikao, na kikaoni kwetu watu husahau upesi, naomba nikumbushe mambo yalivyokuwa. Mama anaishi nami, mimi kitindamimba wenu, fundi cherehani, katika nyumba ile ile tuliyozaliwa. Chumba cha mbele ni cha vitambaa, cha nyuma ni cha Mama, na katikati kuna jiko. Ukutani jikoni palikuwa na kalenda ya duka la rangi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili asije mtu akaondoka nayo. Siku ya Mama ya kliniki ilizungushiwa duara. Kila aliyeingia kunywa maji aliiona, akipenda asipende. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu wote. Haukuwa na nywila, haukudai kusasishwa, na mvua haikuwahi kuuzima.

Kisha Mama akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari akasema atapasuliwa moja, likipona lifuate la pili, na katikati ni matone na kliniki, matone na kliniki. Ukaja, Kaka. Ukasimama mbele ya kalenda kama askari wa barabarani mbele ya gari lisilo na taa, ukasema, "Karne hii jamani? Familia nzima inaning'inia kwenye uzi?" Ukaitoa, ukaikunja, ukaondoka nayo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu kuchagua. Uliitisha kikao tuchague programu itakayotufaa. Kwa ushamba wangu nilidhani hiyo ni kazi ya jioni moja, kama mtu anavyochagua kitambaa cha suruali. Kumbe ulikuwa umeandaa jedwali. Programu hii ina rangi, ile inafanya kazi bila mtandao, hii ina hali ya giza, ile inaongea. Dada yetu Mwalimu, kwa kuwa anafundisha chekechea, alitaka yenye picha. Kaka yetu wa teksi, ambaye mtaa mzima unamwita Nipo Njiani kwa sababu ndilo jibu lake hata akiwa bado kitandani, alitaka yoyote ile mradi isionyeshe mahali alipo. Mimi niliuliza nani atamtia Mama matone Jumatatu. Ukanijibu kwa upole wako wa kiofisi, "Mdogo wangu, tusirukie utekelezaji kabla ya kupata mfumo." Vikao vikaendelea. Jicho la kwanza la Mama likapasuliwa, likafungwa, likafunguliwa, likaanza kuona, na sisi bado tunalinganisha. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini tuwasamehe, hawakuwa na jedwali.

2. Kuhusu vikaratasi vya rangi. Programu hii ndiyo iliyoshinda kwanza. Kila mtoto alipewa rangi yake ndani ya simu, nami nikapewa njano juu ya nyeupe, ambayo daktari wa macho mwenyewe asingeisoma. Dada Mwalimu akaingia kazini kwa moyo wote. Akaweka nyota, akaweka maua, akaweka jua linalocheka. Kikaratasi cha siku ya daktari kilipomfikia Mama, kwa maana uliiweka programu hata kwenye simu yake ya herufi kubwa ili, kwa maneno yako, "mhusika mkuu ashirikishwe", Mama alikikodolea lile jicho lake jipya, akaniuliza, "Mwanangu, huu ni mwaliko wa nani?"

3. Kuhusu ubao. Ukatuhamisha sote, na kumbukumbu zetu, na nusu ya kumbukumbu zikapotelea njiani, tukaingia kwenye programu ya ubao wenye safu. Bado. Inaendelea. Imekamilika. Ukaongeza safu ya nne, Inasubiri Mhusika. Mama akawa kadi. Kadi yake ikawekwa katika safu hiyo ya kusubiri, katikati ya bomba la bafuni linalovuja na kabati lisilofunga. Napenda kuwajulisha wanakikao kwamba bomba lilipata mhusika kabla ya Mama.

4. Kuhusu Ubongo wa Pili. Ulituambia wasomi wamegundua kwamba binadamu anapaswa kujijengea ubongo wa pili, nje ya kichwa, ambamo kila wazo limefungwa kamba na wazo jingine. Sikupinga. Niliona tu ingekuwa vizuri tuanze kuutumia ule wa kwanza ili tuwe na cha kulinganisha. Siku ile ile Mama aliishiwa dawa ya macho. Nikaandika, "Matone yamekwisha, yanunuliwe leo." Ubongo ukafikiri. Ukakumbuka kwamba mwaka jana, mvua zilipoanza, niliandika juu ya matone yanayodondoka kutoka darini. Ukayafunga pamoja kwa kamba, ukampelekea Nipo Njiani. Jioni akafika mlangoni amebeba kopo la lami na ngazi, akaniuliza kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake, "Haya, panapovuja ni wapi?" Mama akamwonyesha jicho.

5. Kuhusu kupumzika. Uligundua kwamba nimechoka, nami nakushukuru kwa kugundua. Ila badala ya kuja kumshika Mama mkono hata Jumapili moja, uliniwekea jukumu liitwalo "Pumzika", lenye kengele. Siku ya kwanza kengele ililia nikiwa nimepiga magoti mbele ya mteja, mwanasheria, napima pindo la sketi, pini nne mdomoni. Nilishtuka. Sitasema pini ya mkononi iliishia wapi, ila mteja yule sasa anashonesha kwingine. Nilipoitazama simu, maandishi yalikuwa mekundu: "Umechelewa kupumzika." Kila siku nilizidi kuchelewa. Mwisho wa mwezi ulinitumia taarifa fupi kwamba katika familia nzima mimi ndiye ninayevuta wastani chini.

6. Kuhusu Alhamisi ile. Hapa naomba, Kaka, uweke simu chini.

Ilikuwa siku ya Mama kuangaliwa jicho la pili baada ya kupasuliwa. Dada Mwalimu alimfikisha kliniki asubuhi akielekea shuleni, akaweka tiki yake. Jukumu la "Kumrudisha Mama nyumbani" lilikuwa la Nipo Njiani, saa sita mchana. Mimi nilikuwa na kola za sare za shule za kumaliza, nikainamia cherehani. Mchana simu ikatetemeka mezani. Kwenye skrini vipande vya karatasi za rangi vilikuwa vinamwagika kama vile kuna aliyeshinda bahati nasibu. Kumrudisha Mama nyumbani: Imekamilika. Dada akatuma makofi. Wewe ukaandika, "Hongereni sana, timu. Hivi ndivyo inavyotakiwa." Nami, Kaka, nilifurahi. Nikasema moyoni, labda kweli mimi ndiye mshamba. Nikaendelea na kola.

Kola zikaisha. Nikapika. Nikafunika sahani ya Mama. Nikamwita, nikidhani ameingia kwa mlango wa nyuma kimya kimya kama anavyopenda. Chumba kilikuwa kitupu, na kitanda kimetandikwa vile vile alivyokiacha.

Nikampigia simu, imezimwa. Nikampigia Dada. "Si yuko kwako?" akasema. "Mimi nilidhani ameshinda kwako," nikasema. "Basi atakuwa kwa Kaka." Nikakupigia. Nayakumbuka maneno yako, nitayakumbuka hata mkininyang'anya karatasi zote. Nilikuambia Mama hayupo. Nikasikia kidole chako kikigonga kioo cha simu, kisha ukasema, "Lakini mfumo unaonyesha yuko nyumbani."

Nilitoka mbio na futi ya kupimia shingoni na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Muuza magazeti wa pale kona alinipisha njia bila kuuliza. Nilikuwa nawaza mambo ambayo mtoto hapaswi kuyawaza juu ya mama yake: barabara ile pana, magari yasiyosimama, na yeye na jicho moja lililofungwa. Nilipofika kliniki, mfagizi alikuwa anapandisha viti juu ya meza. Mama alikuwa kwenye benchi la mbao mwisho wa ukumbi, pochi mapajani, bandeji jichoni, miguu ameipandanisha vizuri, mtulivu kana kwamba ukumbi ni wake. Hakulalamika. Nililiona hilo kuwa subira ya wazazi, nikaona aibu zaidi.

Nikalia, Kaka. Mbele ya mfagizi.

Ukafika na koti lako la ghala, na nyuma yako Dada, kisha Nipo Njiani, anatokwa jasho. Akaapa kwa kila kinachoapiwa kwamba hakugusa tiki. Akasema alikuwa amekwisha liwasha gari, yuko njiani kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaona kwenye simu kazi imekamilika, akafikiri umemchukua wewe, akageuza. Dada akakana. Mimi nikakana. Tukatazama nani aliyeweka tiki, na mfumo ukatuonyesha jina lako. Nawe ukatukumbusha kwamba sote tunaingia kwa jina lako, maana ulisema nywila moja kwa watu wote ni kurahisisha mambo. Tukasimama pale, watoto wanne wa mama mmoja, tunaonyeshana simu na kupandishiana sauti, mpaka mfagizi akatuomba tukagombanie nje kwa sababu amekwisha piga deki.

Jambo moja nitalisema kwa haki. Nilikuona ukichutama na kumfunga Mama kamba za viatu, na fundo likakushinda mara mbili. Sikuliandika popote. Halina safu.

7. Kuhusu dawa uliyotupatia baada ya hapo. Nilitarajia kesho yake urudishe kalenda. Badala yake uliitisha kikao cha kuchagua programu mpya, ambayo kila jukumu lazima lithibitishwe na watu wawili na kuambatanishwa na picha. Yaani nikimtia Mama matone, nimpigie simu Dada aache watoto wa watu darasani, aje ashuhudie tone. Kisha tumpige Mama picha, jicho likiwa wazi. Na jedwali umeleta jipya.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naleta maombi yafuatayo.

Kwanza, naomba nami niandikishwe kama jukumu. Nimechunguza na kuona kwamba katika familia hii watu hawakumbukwi, ila majukumu yana kengele. Niwekwe, tafadhali, kwenye jambo la kujirudia kila wiki: "Mdogo wetu, aulizwe hali." Rangi yoyote isipokuwa njano.

Pili, ikiwa kusajiliwa nyumbani ni shida, naomba Mama na mimi tuhamishiwe ghalani kwako. Miaka yote hii hujawahi kupoteza hata katoni moja ya sabuni. Kila katoni ina namba, ina rafu, ina mtu anayeulizwa isipoonekana. Mama ni mwepesi kuliko katoni nyingi na hana hatari ya kumwagika. Tubandike vibandiko vyenye mistari, uwe unatupitishia kile kimashine kila asubuhi, kilie "ti", tujue tupo.

Tatu, kwa kuwa siku ile mfumo ulisema Mama yuko nyumbani na Mama akaonekana kliniki, na kwa kuwa mfumo haukosei, ni wazi aliyekosea ni Mama. Niko tayari kumsaidia kuandika barua ya kuuomba mfumo msamaha.

Nne, na hili nimelifikiri sana nikishona. Ukweli ni kwamba sasa tuna akina Mama wawili. Yuko aliyerudi nyumbani saa sita kamili, kwa makofi na karatasi za rangi, na yuko aliyebaki kwenye benchi. Napendekeza tugawane bila ugomvi. Wewe mchukue wa kwanza. Hana jicho bovu, hahitaji matone, hakohoi, na ukimkosea unarudisha hatua moja nyuma. Mimi niachieni huyu wa benchi, na kalenda, na kalamu.

Na la mwisho, lililo kubwa: programu hiyo ifutwe leo kwenye simu zote za ukoo huu, kuanzia na simu ya Mama, ambaye tumemtwisha mzigo wa teknolojia uzeeni bila hata kumuuliza. Nywila ifutwe. Ubongo wa Pili uzikwe kwa heshima zake. Hadi haya yatakapotekelezwa, sitahudhuria kikao chochote, na mlango wangu utafunguka kwa atakayebisha hodi kwa mkono.

Nisalimie wifi, mwambie gauni lake liko tayari, aje alijaribu na asitume jukumu. Wasalimie watoto, mmoja mmoja, kwa majina yao na si kwa rangi zao. Msalimie mlinzi wa ghala, majirani wa kushoto na wa kulia, na yeyote pale kwenu ambaye bado anakumbuka jambo bila kukumbushwa.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, niliyechelewa kupumzika,

Kitindamimba,
fundi cherehani.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Kaka, barua hii usiifikishe kikaoni. Ikiwezekana ichane.

Nilimsomea Mama nikiwa sijaifunga bahasha, ili anisahihishe nilipokosea. Alisikiliza yote, anatikisa kichwa, hata akacheka pale kwenye lami. Nilipofika pa kufuta programu kwenye simu yake, akasema, "Hapo pasome tena." Nikasoma. Akasema, "Hapo futa wewe maneno, simu yangu niachie."

Nikamwambia, Mama, hicho kitu kilitusahaulisha kwamba uko kliniki. Akatazama ukuta, akaikunja leso yake mara mbili, akasema, "Hakikuwasahaulisha. Nilibonyeza mwenyewe."

Inaelekea kuna fundi saa mstaafu, mjane, anayetibiwa jicho la kushoto siku moja na Mama. Wamekuwa wakikaa benchi moja tangu jicho la kwanza. Anajua kunyamaza, Mama anasema, na anajua kuongea, na si wengi wanaojua vyote viwili. Saa sita Mama aliona maongezi bado yamoto, akaitoa simu, akatafuta lile jukumu la kumrudisha akaligonga, zikamwagika karatasi za rangi, akaizima asisumbuliwe. Mzee naye akatoa yake. Kumbe watoto wake nao wana mfumo.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia tulipokuwa tunagombana mbele ya mfagizi. Akasema, "Mlikuwa mmekuja wote wanne. Nani angewakatiza?"

Kwa hiyo, Kaka, nafuta malalamiko namba moja hadi saba pamoja na maombi yote. Programu ibaki. Nywila isibadilishwe hata herufi. Ile ya mashahidi wawili na picha usiilete kabisa. Daktari amekwisha tuambia macho ya Mama yamepona, matone yakiisha hana haja ya kurudi. Nimemsaidia kuingiza jambo moja tu jipya: "Kliniki ya macho. Kila Alhamisi. Bila kikomo." Mhusika wa kumpeleka ni mimi. Wa kumrudisha tumemwandika Nipo Njiani, kwa sababu Mama mwenyewe amesema anamtaka mtu atakayechelewa.